Mtoto Anayesoma Mapema: Kipawa, Usonji na Haja ya Uchunguzi Makini Tabora na Kanda ya Magharibi

Mtoto wa miaka 3 anayesoma maandishi ya ubavuni mwa basi, majina ya maduka na maneno yaliyo kwenye mfuko wa unga, kabla hajafundishwa na mtu yeyote, huleta furaha kubwa katika familia. Hata hivyo, furaha hiyo mara nyingine huambatana na wasiwasi, hasa pale mtoto huyohuyo anapochelewa kuzungumza, anapopenda kukaa peke yake au anapochagua herufi na namba badala ya kucheza na wenzake. Baadhi ya majirani husema mtoto amejaaliwa kipawa. Wengine husema ana usonji.

Kusoma mapema, peke yake, hakuthibitishi kauli ya kwanza wala ya pili. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa na kipawa, anaweza kuwa na usonji, na anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Kinachosaidia kutofautisha ni namna mtoto anavyoelewa anachokisoma, namna anavyowasiliana na watu, na namna makuzi yake yanavyobadilika kadiri muda unavyopita. Makala hii inaeleza tofauti hizo, makosa yanayoweza kutokea katika utambuzi, na hatua ambazo mzazi, mlezi au mwalimu anaweza kuzichukua.

Tabora na historia yake ya elimu

Katika karne ya 19, Unyanyembe, eneo ambalo leo ni Tabora, lilikuwa njiapanda ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Njia moja iliendelea magharibi hadi Ujiji katika Ziwa Tanganyika, na nyingine ilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Reli ya Kati, ambayo kwa sehemu kubwa ilifuata mwelekeo wa njia hiyo ya kale, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Pamoja na biashara, njia hiyo ilipitisha dini, lugha na maandishi.

Elimu nayo iliweka alama yake mapema. Shule ya Wavulana Tabora ilianzishwa mwaka 1922, na miongoni mwa wanafunzi wake ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyesoma hapo kuanzia mwaka 1937 hadi 1942. Shule hiyo na ile ya Wasichana Tabora zimo katika orodha ya shule zinazojulikana kwa kupokea wanafunzi wenye vipaji maalumu, pamoja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato. Vilevile, Tabora ndiko ilikoanzishwa Shule ya Viziwi mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini.

Kwa hiyo, mji mmoja una shule za vipaji na shule ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mtoto anayesoma mapema huonekana kusimama katikati ya makundi hayo mawili, na umri wake ndio unaoleta ugumu. Wanafunzi wa shule za vipaji maalumu huchaguliwa kwa ufaulu wao baada ya kumaliza elimu ya msingi. Mtoto anayesoma akiwa na miaka 3 au 4 yuko mbali na hatua hiyo, na katika kipindi hicho chote hukumu juu yake hutolewa zaidi na watu walio karibu naye: wazazi, ndugu, walimu wa awali na wahudumu wa kliniki.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kipawa hakina umri mmoja wa kujitokeza. Mwalimu Nyerere alianza darasa la kwanza katika Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa takriban miaka 12. Mtoto asiyesoma mapema hajakosa kipawa, na anayesoma mapema hajathibitishiwa kuwa nacho.

Kutamka maandishi na kuelewa maandishi

Kusoma kunahusisha stadi mbili. Ya kwanza ni kuzitambua herufi na kuzigeuza kuwa sauti. Ya pili ni ufahamu, yaani kupata maana ya kilichosomwa. Kwa watoto wengi stadi hizi hukua kwa pamoja, lakini zinaweza kutengana. Wakazi wa Tabora na Ujiji wanao mfano wa karibu: katika madrasa, watoto hujifunza kutambua herufi za Kiarabu na kuzitamka kwa usahihi kabla hawajajifunza lugha yenyewe. Hakuna anayeshangaa, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba maana itafundishwa baadaye.

Kiswahili nacho kina sifa inayohitaji kuzingatiwa. Karibu kila herufi ya Kiswahili ina sauti moja isiyobadilika. Mtoto aliyeshika silabi ba, be, bi, bo, bu na nyinginezo anaweza kutamka neno ambalo hajawahi kulisikia. Katika Kiingereza herufi moja hubeba sauti nyingi, na kwa sababu hiyo mtoto huchukua muda mrefu zaidi kufikia hatua hiyo. Maelezo mengi ya kitaalamu kuhusu watoto wanaosoma mapema yametokana na watoto wanaozungumza Kiingereza. Kwa hiyo, kutamka maneno ya Kiswahili katika umri mdogo kusipewe uzito uleule bila kuangalia ufahamu.

Watafiti Norman Silberberg na Margaret Silberberg wa Marekani walitumia neno haipaleksia mwaka 1967 kuelezea hali ya mtoto ambaye uwezo wake wa kutambua maneno yaliyoandikwa umezidi sana uwezo wake wa kuyaelewa. Haipaleksia si ugonjwa unaosimama peke yake katika miongozo inayotumika duniani kwa utambuzi wa matatizo ya makuzi. Ni maelezo ya namna mtoto anavyosoma, na humtaka mtaalamu aendelee kutafuta sababu.

Makundi matatu ya watoto

Daktari Darold Treffert wa Marekani, katika maandiko yake ya mwaka 2011, alipendekeza kuwagawa watoto wanaosoma mapema katika makundi matatu. Mgawanyo huo si kipimo rasmi, lakini unasaidia kuelewa kwa nini watoto wawili wanaosoma kwa namna moja wanaweza kuhitaji msaada tofauti.

Kundi la kwanza ni la watoto wenye makuzi ya kawaida ambao wamewahi tu kusoma. Wanaelewa wanachosoma kwa kiwango cha umri wao au zaidi, wanauliza maswali, wanasimulia hadithi na wanacheza na wenzao.

Kundi la pili ni la watoto ambao kusoma mapema ni sehemu ya usonji. Wanaweza kusoma ukurasa mzima bila kueleza kilichosemwa, kurudia maneno ya watu au ya televisheni badala ya kujibu, na kusumbuka sana utaratibu waliouzoea unapobadilika.

Kundi la tatu ni la watoto wanaosoma mapema, wanaochelewa kuzungumza na wanaoonyesha baadhi ya dalili zinazofanana na za usonji, lakini ambao wana upendo wa wazi kwa watu wa nyumbani, na dalili hizo hupungua kadiri lugha inavyokua. Ni kundi hili linaloweza kupewa jina lisilo lake, hasa iwapo uamuzi umetolewa katika ziara moja fupi.

Pamoja na hayo, uhusiano kati ya haipaleksia na usonji usipuuzwe. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba asilimia 84 ya visa vya haipaleksia vilivyoripotiwa katika maandiko ya kitaalamu vilihusu watu wenye usonji. Takwimu hiyo isomwe kwa uangalifu, kwa kuwa watoto wanaofika katika maandiko hayo ni wale ambao tayari walipelekwa kwa wataalamu. Hata hivyo, inatosha kuonyesha kwamba mtoto anayesoma bila kuelewa, na ambaye mawasiliano yake yana upungufu, anastahili kuchunguzwa mapema.

Usonji unavyotambuliwa

Usonji ni hali ya makuzi ya ubongo inayoanza utotoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha. Utambuzi hutegemea historia ya makuzi pamoja na kumtazama mtoto katika maeneo mawili: mawasiliano na mahusiano ya kijamii, na tabia zinazojirudia, ikiwemo namna mtoto anavyopokea sauti, mwanga au mguso. Dalili zinapaswa kuonekana katika maeneo yote mawili na ziwe zimeathiri maisha ya mtoto ya kila siku. Kupenda herufi kupita kiasi kunaweza kuingia katika eneo la pili, lakini hakutoshi kujaza la kwanza.

Maswali yanayobeba uzito zaidi kuliko kusoma ni haya. Je, mtoto hugeuka anapoitwa jina lake? Je, hunyoosha kidole kumwonyesha mama ndege au gari, si kwa kuomba tu bali ili wote wawili wakitazame kitu hicho? Je, huigiza kupika kwa udongo na makopo, au kumbeba mwanasesere mgongoni? Je, huja kutafuta faraja anapoumia? Je, huwafuata watoto wengine wanapocheza kombolela, hata kama bado hajazijua kanuni? Je, amewahi kuwa na maneno au stadi ambazo sasa zimepotea?

Zipo dodoso za uchujaji, ikiwemo moja yenye maswali 20 inayotumika kwa watoto wa kati ya miezi 16 na 30. Dodoso la namna hiyo humwonyesha mhudumu ni mtoto yupi anayehitaji uchunguzi zaidi. Halitoi utambuzi, na mzazi asilichukue kuwa jibu la mwisho.

Makosa mawili yenye gharama

Kosa la kwanza ni kumwita mtoto mwenye usonji jina ambalo hana. Mtoto mwenye kipawa aliyechoshwa na kazi nyepesi anaweza kutotulia darasani, kutojibu anapoulizwa jambo alilokwisha kulijua, au kupendelea kuzungumza na watu wazima. Akipewa jina la usonji bila uchunguzi, matarajio ya walimu hushuka, familia huingia katika huzuni na gharama, na mtoto hukosa kazi inayolingana na uwezo wake.

Kosa la pili halizungumzwi sana, lakini madhara yake ni makubwa vilevile. Ni kusema kwamba kwa kuwa mtoto anasoma, hana tatizo lolote. Mtoto mwenye usonji anayesoma kwa ufasaha anaweza kupita miaka ya awali akisifiwa, kisha katika madarasa ya juu, ambako maswali ya ufahamu na insha huchukua nafasi ya kusoma kwa sauti, akaanza kuanguka bila mtu kujua sababu. Miaka ambayo msaada wa lugha na mawasiliano ungemfaa zaidi huwa imepita. Tatizo hilo huongezeka pale familia inapomrusha madarasa kwa sababu ya kusoma kwake.

Makosa yote mawili yana chanzo kimoja: kumhukumu mtoto kwa jambo moja linaloonekana haraka.

Mambo ya kuangaliwa kwanza

Kabla ya kulitaja neno usonji, yapo mambo manne ambayo katika mazingira ya Tabora na mikoa jirani yanahitaji kuangaliwa.

La kwanza ni usikivu. Mtoto asiyegeuka anapoitwa na anayechelewa kusema anaweza kuwa na upungufu wa kusikia. Mtoto wa namna hiyo huweza kuvutiwa na maandishi kwa sababu macho yake ndiyo njia yake kuu ya kujifunza. Upimaji wa masikio ni hatua ya mwanzo na usirukwe. Macho pia yapimwe.

La pili ni lugha ya nyumbani. Watoto wengi wa vijijini huanza shule wakizungumza Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha. Mtoto wa Uyui au Sikonge aliyejifunza silabi upesi anaweza kusoma sentensi ya Kiswahili bila kuielewa kwa sababu Kiswahili ni lugha yake ya pili. Hiyo si haipaleksia. Ufahamu wake uulizwe kwa lugha anayoizungumza na mama yake. Kwa upande wa mijini, mtoto anayetazama katuni za Kiingereza kwa saa nyingi anaweza kutamka maneno ya Kiingereza ambayo hakuna mtu wa nyumbani anayeyatumia. Hapo iangaliwe kama anayatumia maneno hayo kuomba, kukataa na kueleza, au anayarudia tu.

La tatu ni adabu. Mtoto wa Kinyamwezi hufundishwa kuinamisha macho na kupiga magoti anapowasalimu wakubwa. Kutomtazama daktari usoni si ushahidi wa kutosha. Mtaalamu atapata picha sahihi zaidi akimtazama mtoto anapokuwa na mama yake, ndugu zake na watoto wa rika lake.

La nne ni historia ya maradhi. Utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Tabora yalikuwa takriban asilimia 23, wakati wastani wa taifa ulikuwa takriban asilimia 8. Malaria kali yenye degedege inaweza kuacha athari katika ubongo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu watoto 20 nchini Tanzania, 14 kati yao walithibitika kuwa na usonji kwa vigezo vya kitafiti, na 3 kati ya hao 14 walikuwa wamekua kawaida hadi dalili zilipoanza baada ya kupona malaria kali. Idadi hiyo ni ndogo na haimaanishi kwamba malaria ndiyo chanzo cha usonji kwa watoto wengi. Inamaanisha kwamba mzazi anapaswa kumweleza daktari kila ugonjwa mkali ambao mtoto amewahi kuupata, na kwamba mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa nayo apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Njia ya kupata huduma

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya, ambako mtoto huhudhuria kliniki hadi anapofikisha miaka 5. Mzazi amweleze mhudumu mashaka yake na aombe rufaa inapohitajika. Kwa wakazi wa Tabora, rufaa huelekezwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, na kwa wakazi wa Kigoma ni Maweni. Kwa uchunguzi wa kibingwa zaidi, rufaa huweza kuendelea hadi hospitali kubwa za Dodoma na Dar es Salaam.

Safari hiyo ni ndefu. Reli kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ina takriban kilometa 1,250, na familia ya Kaliua au Urambo hulazimika kupanga nauli, malazi na siku za kazi zitakazopotea. Kwa sababu hiyo, maandalizi kabla ya kusafiri yana thamani kubwa. Mzazi aandike tarehe ambazo mtoto alikaa, alitembea na kutamka neno la kwanza. Abebe kadi ya kliniki na taarifa za kulazwa. Aombe maelezo ya maandishi ya mwalimu wa awali. Na, inapowezekana, arekodi kwa simu video fupi za mtoto akicheza, akila na akiwa na wenzake. Kumbukumbu hizo humwonyesha daktari mambo ambayo hayatatokea ndani ya chumba cha uchunguzi.

Kwa upande wa elimu, mzazi amwone mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na kuomba kuunganishwa na Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri. Afisa Ustawi wa Jamii naye husaidia familia isiyo na uwezo. Maelezo ya afya hupatikana bila malipo kwa simu namba 199, na taarifa za mtoto aliyefichwa, aliyefungiwa au kufanyiwa ukatili hutolewa kwa namba 116.

Haki za mtoto huyu zimewekwa katika sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ubaguzi dhidi ya mtoto kwa misingi mbalimbali, ikiwemo ulemavu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya elimu katika mazingira jumuishi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayolenga watoto wenye umri wa miaka 0 hadi 8, inasisitiza afya, lishe, ujifunzaji, malezi yenye mwitikio na ulinzi kwa pamoja. Kwa msingi huo, shule haitakiwi kusubiri cheti cha utambuzi ndipo impokee mtoto.

Wakati wa kusubiri majibu

Uchunguzi makini huchukua muda, na mara nyingi mtaalamu hutaka kumwona mtoto tena baada ya miezi kadhaa. Katika kipindi hicho, upendo wa mtoto kwa maandishi utumike kama daraja la lugha badala ya kuzuiwa. Mzazi anaweza kuandika “leta kikombe” au “mpe bibi kiti” kwenye karatasi na kuona iwapo mtoto anatekeleza. Picha na maneno zinaweza kubandikwa kwa mpangilio wa siku: kuoga, kula, shule, kulala. Baada ya kusoma hadithi fupi, aulizwe nani alikwenda wapi na kwa nini. Mtoto mwenye kipawa atanufaika na maswali hayo, na mwenye usonji atanufaika nayo pia.

Mwalimu ampe kazi ya kusoma inayolingana na uwezo wake huku akimbakiza na watoto wa rika lake katika michezo, nyimbo na mazungumzo. Asimtumie kama kivutio cha kuwasomea wageni. Asimwadhibu kwa kukaa kimya.

Wazazi na walezi wanashauriwa kutokubali kauli ya mara moja, iwe ya sifa au ya kukatisha tamaa. Iwapo jibu la kwanza halilingani na hali ya mtoto nyumbani, wana haki ya kuomba maoni ya mtaalamu mwingine na uchunguzi kurudiwa baada ya muda. Na iwapo usonji utathibitika, uwezo wa mtoto wa kusoma unabaki kuwa wake, na mipango ya kumfundisha inaweza kuanzia hapo.